Mwandishi mchanga hupataje wenzake? Tutazame Meru na Embu

Ukitaja Embu mbele ya mtu wa Mombasa, cha kwanza kitakachomjia ni muguka. Mei 2024 serikali za kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga marufuku jani hilo, Embu wakaenda mahakamani, na maneno yakawa mengi pande zote mbili. Ukitaja Meru, ni miraa. Leo si hayo ninayotaka kuzungumza. Nataka kuzungumzia kalamu, kwa sababu vijana wetu wengi wa Pwani wamo huko hivi sasa. Wako Chuo Kikuu cha Embu, wako Chuka, wako Chuo Kikuu cha Methodisti pale Meru, na wengine ni walimu waliopelekwa na TSC. Baadhi yao wanaandika. Hutunga usiku baada ya kazi, simu zimejaa hadithi zisizosomwa na mtu, na swali lao ni moja: mimi niko huku mlimani, simjui mtu, nitajulikana vipi?

Kijana wa Runyenjes au wa Nkubu anayeandika Kiswahili ana swali hilo hilo, tena lake lina uzito zaidi. Yeye haogopi kutojulikana tu. Aogopa kuchekwa na sisi. Akituma shairi kwa watu wa Mvita au wa Lamu, ajua kuna wazee watakaohesabu mizani kwa vidole kabla hawajasoma anachosema. Nitarudi kwa jambo hilo, maana lina ukweli.

Kwanza tukubaliane kwamba hakuna mwandishi aliyejulikana peke yake, hata wale tunaowaona wakubwa. Muyaka bin Haji alifariki mwaka 1840. Hakuacha kitabu. Mashairi yake yalikaa vifuani mwa watu wa Mombasa kwa miaka mingi, hadi Mwalimu Sikujua akayakusanya na kuyaandika, akishirikiana na Mwingereza W.E. Taylor. Kitabu chenyewe kilitoka mwaka 1940, miaka mia kamili baada ya kifo chake, kwa kazi ya William Hichens. Sasa jiulize ni kwa nini watu waliyahifadhi. Yalikuwa mazuri, ndiyo, lakini pia yalikuwa mashairi ya kujibizana. Muyaka aliwarushia maneno watu wa Lamu, na Lamu wakamrudishia. Shairi lililojibiwa lina wenyewe wawili wa kulikumbuka, na pande mbili za bahari za kulibeba.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake wa kisiasa, akakaa ndani hadi 1972. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalitoka nje kwa siri, yameandikwa kwenye karatasi za msalani, na mwaka 1973 Oxford University Press wakayachapa kwa jina la Sauti ya Dhiki. Nduguye, Sheikh Abdilahi Nassir, alikuwa akifanya kazi katika shirika hilo Nairobi. Ndugu mwingine, Ahmad Nassir, yule Malenga wa Mvita, alikuwa mshairi mwenye jina lake. Sisemi kwamba alichapwa kwa udugu. Mashairi yale yanajisimamia, na mwaka 1974 yalipata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Ninachosema ni kwamba kati ya kipande cha karatasi na kitabu palikuwa na watu, na kila mmoja alifanya sehemu yake.

Kijana wa Embu hana ndugu katika shirika la uchapishaji. Kwa hivyo lazima awatengeneze watu hao yeye mwenyewe. Na mlima ule una watu waliofanya hivyo.

Maarufu zaidi kwetu sisi wasomaji wa Kiswahili ni Kithaka wa Mberia. Alizaliwa Tharaka mwaka 1955, wakati huo ikiwa sehemu ya wilaya ya Meru. Tharaka ni sehemu ya joto na ukame, chini ya mlima, mbali na Pwani na mbali na Nairobi pia. Alisoma isimu, akawa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1997 alitoa diwani ya Mchezo wa Karata na tamthilia ya Natala, ile ya mwanamke anayekataa kurithiwa na shemejiye. Vitabu hivyo na vingine vilivyofuata vilitoka chini ya Marimba Publications, kampuni yake mwenyewe. Mwaka 2001 ikaja Kifo Kisimani, na hapo ndipo mambo yalipobadilika: tamthilia hiyo iliteuliwa kutahiniwa katika KCSE. Kwa miaka kadhaa watoto wa nchi nzima, kuanzia Kwale hadi Lodwar, walimjua Mwelusi na Mtemi Bokono. Darasani Kifo Kisimani ilisomwa bega kwa bega na Utengano ya Said Ahmed Mohamed. Mtu wa Tharaka na mtu wa Zanzibar, mtihani mmoja.

Tazama hapo njia aliyopita. Alikuwa na chuo kikuu, yaani wenzake wa kumsoma na kumkosoa kila siku. Alikuwa na wanafunzi, ambao walihitimu wakaenda kuwa walimu. Na alikuwa na mlango wake wa kuchapa, hivyo hakusubiri mtu wa Nairobi aamue kama mashairi huru yana soko. Wengi hulikumbuka hilo la tatu tu, wakakimbilia kuchapa kitabu kwa pesa zao, kisha wakabaki na maboksi chini ya kitanda. Kitabu bila walimu na wasomaji waliokwisha kukujua ni karatasi. La kwanza na la pili ndiyo yanayochukua miaka.

Jirani yake wa Embu, Profesa Jesse Mugambi, alifanya jambo la aina hiyo katika fani nyingine. Yeye ni mtu wa falsafa na dini, naye ndiye aliyeanzisha Acton Publishers jijini Nairobi miaka ya 1990. Hakikuwa kiwanda cha vitabu vyake peke yake. Wasomi wengine waliokuwa wakiandika juu ya dini na jamii ya Kiafrika walipata pa kuchapia. Ukimfungulia mwenzako mlango, kesho atakuja na mwenzake.

Lakini huo ni mwisho wa safari. Mwanzo wake ni mdogo zaidi, na kwa mwandishi wa Kiswahili mwanzo huo una desturi zake.

Desturi kongwe ni gazeti. Tangu enzi za Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923 kule Tanganyika na ambalo Shaaban Robert aliliandikia, ukurasa wa mashairi ndio uliokuwa baraza la watunzi wasioonana kwa macho. Kwetu Kenya, Taifa Leo lilirithi baraza hilo. Sheria za baraza hazikuandikwa popote, lakini kila mtu alizijua. Unapoingia, wamwomba mhariri nafasi. Watoa hoja, au swali, au fumbo. Mwishoni waweka lakabu yako na mji wako. Wiki inayofuata mtu wa Wajir au wa Bungoma atakujibu, ataitaja lakabu yako katika ubeti wake wa kwanza, na kuanzia hapo wewe upo. Watunzi wa Meru na Embu wameingia katika baraza hilo kwa njia hiyo hiyo, bila kumjua mtu Mombasa.

Ona kwamba aliyejulikana haraka hakuwa lazima aliyetunga vizuri kupita wote. Alikuwa yule anayejibu. Kijana akileta fumbo, yeye hulifumbua. Mzee akifiwa, yeye hutunga tanzia. Wawili wakigombana juu ya neno, yeye huleta ushahidi wa neno hilo kutoka kwao. Hii ndiyo siri ambayo vijana wa leo, wenye simu mkononi na makundi kumi ya WhatsApp, huikosa kabisa. Mtu ajiunga na kundi la washairi asubuhi, na kufikia adhuhuri amekwisha kutupa mashairi matano. Hajasoma la mtu. Hajamjibu mtu. Kesho alalamika kwamba wakongwe wana choyo. Mwanangu, soma la mwenzako kwanza, mwandikie ubeti ulioupenda na sababu yake, na ukiona kosa la vina mfuate faraghani. Fanya hivyo mwezi mmoja kabla hujaweka lako. Utakapoliweka, patakuwa na watu watano wenye deni kwako.

Na shika jina moja. Leo wajiita Sauti ya Mlima, kesho Malenga wa Nithi, keshokutwa wabadilisha tena. Msomaji atakushika wapi? Tukiwa hapo hapo kwenye jina, iko hila ya wazee wetu ambayo ni dawa ya wizi wa siku hizi. Katika tenzi zetu za zamani, mtunzi hutaja jina lake, mara nyingi na tarehe pia, katika beti za mwisho. Anayekata jina chini ya shairi lako na kulisambaza kama lake hataweza kulikata ndani ya vina bila kulivunja.

Mlango mwingine ni mkusanyiko wa hadithi fupi. Utazame kwa jicho la mwandishi mchanga, si la mwanafunzi wa mtihani. Mayai Waziri wa Maradhi ulihaririwa na Kyallo Wadi Wamitila. Damu Nyeusi ulihaririwa na Ken Walibora pamoja na Said Ahmed Mohamed. Tumbo Lisiloshiba ulihaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda. Katika vitabu vya namna hii mhariri huketi na majina makubwa, kisha huongeza majina ambayo msomaji hajawahi kuyasikia. Hadithi moja yenye kurasa kumi ikikaa jirani na ya bingwa, kitabu kikienda shuleni, jina lako limekwenda mahali ambapo riwaya yako ya kurasa mia tatu haingefika kwa miaka ishirini. Kwa hivyo ni muhimu kuwajua wahariri kuliko kuwajua wachapishaji, na wahariri wengi ni walimu na wahadhiri. Huwapati kwa kuwapigia simu za kuwaomba. Huwapata kwenye makongamano ya Kiswahili, kwenye warsha za walimu, na katika maadhimisho ya Siku ya Kiswahili Duniani tarehe 7 Julai, siku iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021.

Kwa mwalimu aliyepelekwa Embu au Meru kuna mlango ambao hata hahitaji kuutafuta, nao ni tamasha za drama za shule. Tamthilia au ngonjera uliyoitunga kwa wanafunzi wako huchezwa katika kaunti ndogo, ikishinda huenda kaunti, kisha kanda, kisha taifa. Katika kila ngazi umekaa na walimu wengine wanaotunga, na waamuzi wanaosema mbele ya watu ulipokosea. Sijui shule ya uandishi iliyo bora kuliko hiyo katika nchi hii, na ni ya bure.

Sasa turudi kwa kile nilichosema cha sisi kucheka watu. Kithaka wa Mberia huandika mashairi huru, yasiyofuata vina na mizani. Wako wapwani mpaka leo wasioyaita mashairi. Mjadala huo ni wa zamani. Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mwaka 1954, Euphrase Kezilahabi akaja na Kichomi mwaka 1974, na moto haujazimika. Mimi napenda shairi lililofungwa vizuri, sifichi. Lakini kijana wa Chogoria akileta shairi huru katika baraza letu, swali la kwanza na liwe ni nini anachosema, na swali la pili ndilo liwe la vina. Tukianza na la pili tu, ataondoka, na Kiswahili kitakuwa kimepoteza mtu aliyekuja kwa mapenzi yake. Naye kijana asikae na kinyongo: ajifunze kufunga shairi la tarbia hata kama hataki kulitumia maishani. Litamfungulia milango Lamu, Mombasa na Unguja.

Tena ajue kwamba anacho kitu ambacho sisi hatuna. Hapa ndipo napenda kukaa kidogo.

Wazee wa Ameru husimulia kwamba asili yao ni mahali paitwapo Mbwaa, kando ya maji, ambako walitawaliwa na watu wa nguo nyekundu, Nguo Ntune. Wakatoroka. Maji yakafunguka, wakavuka: wengine usiku, wengine alfajiri, wengine mchana kweupe. Ndipo wakapata makundi ya Njiru, Ntune na Njeru, yaani weusi, wekundu na weupe. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyewasikiliza wazee hao na kutoa kitabu mwaka 1993, aliiona Mbwaa kuwa ni kisiwa cha Manda, hapo ng'ambo ya Lamu. Si wanahistoria wote wanaomkubali. Hata hivyo, fikiria mtu wa Lamu akisoma utenzi wa kuvuka kule, umetungwa kwa Kiswahili na kijana wa Meru aliyeupokea kutoka kwa babu yake. Nani atashughulika kumuuliza ni mzaliwa wa wapi? Ataulizwa mengine yako wapi.

Upande wa Embu, H.S.K. Mwaniki alikwenda kwa wazee miaka ya nyuma, akatoa historia ya Embu na Mbeere hadi 1906 katika kitabu cha mwaka 1973, na mwaka uliofuata akachapa masimulizi ya wazee wenyewe. Profesa Ciarunji Chesaina alikusanya fasihi simulizi ya Waembu na Wambeere, kitabu kikatoka mwaka 1997. Vyote viko kwa Kiingereza. Maana yake ni kwamba kazi ya kuzileta hadithi hizo kwa Kiswahili kizuri ingali inamngoja mtu. Na mtu huyo, akianza kuzunguka kwa wazee, ataingia katika mtandao wa aina nyingine kabisa. Mzee mmoja atamtuma kwa mwingine. Watu wa makumbusho ya Meru, yale yaliyo katika jengo lililokuwa ofisi ya DC, watamjua. Muuga FM na Wimwaro FM watamwita siku moja azungumze, maana redio za kienyeji hupenda mtu mwenye habari za wazee. Stesheni hizo mbili na Bahari FM yetu ya huku ni za shirika moja, Royal Media, kwa hivyo njia kutoka Embu hadi masikioni mwa Mombasa si ndefu kama inavyodhaniwa. Kijana wetu wa Pwani aliye huko anaweza kufanya kazi hiyo hiyo akiwa na mwenzake wa kienyeji: mmoja ajua lugha ya wazee, mwingine ajua utenzi.

Kuna tahadhari moja, kwa sababu watu wanalizwa. Mtandao wa waandishi una fisi wake. Utapata ujumbe kwamba kazi yako imechaguliwa kuingia katika mkusanyiko, tuma pesa za uhariri, tuma na za jalada. Elewa tofauti ya mchapishaji na mpiga chapa. Mchapishaji huweka pesa zake katika kitabu chako na kuzitafuta kwa wasomaji. Mpiga chapa hulipwa na wewe. Kumlipa mpiga chapa si kosa, ikiwa umeamua mwenyewe kutoa kitabu chako, na namba ya ISBN utaipata kwa Huduma ya Maktaba za Kitaifa. Lakini mpiga chapa anayejiita mchapishaji anakudanganya tangu salamu ya kwanza. Kazi yako ni mali yako tangu ulipoiandika, hiyo ndiyo sheria ya hakimiliki ya Kenya, na ukitaka ushahidi zaidi unaweza kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO.

Kwa aliye na mswada kamili, iko tuzo iliyoanzishwa kwa jina la Mabati-Cornell na baadaye ikaitwa Safal, ambayo hupokea hata miswada isiyochapishwa. Washindi wa kwanza walitangazwa mwaka 2015, na kwa ushairi alikuwa Mohammed Ghassani, Mzanzibari anayeishi Ujerumani, kwa diwani yake ya N'na Kwetu. Hakuna ada ya kumpa mtu mkononi.

Na kwa vyama vyetu vya washairi hapa Pwani: Julai shule za kule mlimani huadhimisha Kiswahili na huwa na haja ya mgeni. Basi la usiku kutoka Mombasa hukufikisha Nairobi alfajiri. Kutoka hapo ni Thika, Makutano, halafu Embu, kama kilomita 125. Ukiendelea na barabara ile inayozunguka mlima upande wa mashariki, wapita Runyenjes, Chuka na Nkubu, na jioni uko Meru. Bebeni diwani za Muyaka na za Ahmad Nassir muwaachie vijana, na mrudi na mashairi yao.